Kimya cha Nosferatu na Mawe Tuliyoyatupa

Muhula uliopita niliwaonyesha wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza filamu iliyotengenezwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Haina rangi, haina sauti ya binadamu hata mmoja, na waigizaji wake wote wamekwisha kuitika wito wa Mola. Niliwaomba wazime simu, nikavuta mapazia ya ukumbi, nikaondoa hata ule muziki ambao watengenezaji wa nakala za siku hizi huutia ndani. Nilitaka waione katika kimya kitupu.

Kwa muda wa nusu saa walicheka. Walimcheka kijana mhusika mkuu kwa jinsi anavyokimbia na kurusha mikono. Walicheka macho ya waigizaji yaliyopakwa wanja mzito. Na pale wanakijiji wanapojifungia ndani kwa kumhofia mbwamwitu wa kichawi, kisha kiwambo kikaonyesha mnyama mwenyewe, ukumbi mzima ulilipuka. "Mwalimu, huyo si mbwamwitu, huyo ni fisi!" Walisema kweli. Ni fisi mwenye milia, na mtoto wa Kenya hawezi kudanganywa kuhusu fisi.

Kisha kijana yule akafika katika kasri la mwenyeji wake. Usiku, mlango wa chumba chake ukafunguka polepole bila kuguswa na mtu, na mlangoni akasimama mzee mrefu mwembamba, kichwa bila nywele, masikio yaliyochongoka, kucha ndefu, mikono imeganda ubavuni kama ya maiti. Hakufanya lolote ila kukaribia. Kicheko kilikatika bila mtu kukikataza.

Tulipomaliza, mwanafunzi mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono akaniuliza: "Mwalimu, kwa nini nilishindwa kumtazama yule mzee, na nilipoinamisha kichwa nikashindwa kutomtazama?" Nilimpa jibu la haraka, la kimwalimu, lenye istilahi mbili tatu. Jibu hilo halikumtosha, na mimi mwenyewe halikunitosha. Makala haya ni jaribio la kumjibu upya.

Filamu yenyewe inaitwa Nosferatu. Ilielekezwa na Mjerumani F. W. Murnau na ikaonyeshwa rasmi kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwezi Machi mwaka 1922. Mwandishi wa mchezo wake, Henrik Galeen, aliichukua hadithi ya Dracula, riwaya ya Bram Stoker iliyotoka mwaka 1897, akabadilisha majina na mahali. Bwana Dracula akawa Bwana Orlok. London ikawa Wisborg, mji wa kubuni wa Ujerumani, na kisa kikarudishwa nyuma hadi mwaka 1838. Kampuni iliyoitengeneza haikuomba ruhusa ya wenye hakimiliki. Mjane wa Stoker, Florence, aliishtaki, kampuni ikafilisika, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Tunaitazama leo kwa sababu baadhi ya nakala ziliokoka. Hivyo filamu ihusuyo mfu asiyekubali kufa nayo pia ilihukumiwa kifo ikakataa kufa.

Kisa ni chepesi. Hutter, karani wa dalali wa nyumba, anatumwa na mwajiri wake Knock hadi milima ya Transylvania kumuuzia Orlok nyumba. Orlok ni mfu anyonyaye damu za walio hai. Anaipenda picha ya Ellen, mkewe Hutter, ananunua nyumba inayokabiliana na yake, anasafiri kwa merikebu akiwa ndani ya jeneza lililojaa udongo na panya, na anapotia nanga Wisborg mji unaingiliwa na tauni. Mwisho Ellen anajitoa mhanga. Anamzuia yule mfu kitandani pake mpaka jogoo awike, na mwanga wa jua unamyeyusha awe moshi. Vijana wengi hudhani kwamba tangu hapo kale mnyonya damu huuawa na jua. La hasha. Katika riwaya ya Stoker, Dracula hutembea mchana bila kudhurika, ila nguvu zake hupungua. Kifo cha juani kilianzia kwenye filamu hii.

Mimi ni mwanaisimu, na kwa hivyo macho yangu hukimbilia neno kabla hayajaifikia picha. Neno lenyewe "nosferatu" lina kisa cha ajabu. Katika karne ya 19 waandishi wa Ulaya ya magharibi walioandika juu ya imani za watu wa Transylvania walidai kuwa hilo ndilo jina la mnyonya damu katika Kiromania. Mwandishi wa kike, Emily Gerard, alilichapisha kwa Kiingereza mwaka 1885, Stoker akalichukua kwake, na watu wa filamu wakalichukua kwa Stoker. Walakin ukimwuliza Mromania mwenyewe, neno hilo halijui. Wataalamu wanakisia kwamba msikilizaji mgeni alilisikia vibaya neno jingine. Huenda ni nesuferit, yaani asiyevumilika, au necurat, yaani asiye safi, neno ambalo Waromania hulitumia kwa tafsida wasije wakamtaja Ibilisi kwa jina lake.

Tazama basi. Kama dhana hii ya pili ni sahihi, watu walikwepa kulitaja jina la kutisha wakaweka tafsida, mgeni akaisikia tafsida vibaya, na kosa lake likawa jina la kutisha kuliko lile la kwanza. Neno lisilo na maana katika lugha yoyote limeitetemesha dunia kwa karne nzima. Nadhani linatetemesha kwa sababu hiyohiyo: ni chungu kisicho na kitu ndani, na kila asikiaye humimina humo hofu yake mwenyewe.

Murnau aliijua siri hii. Mwanzoni kabisa mwa filamu, maandishi ya kwenye kiwambo yanamwonya mtazamaji kuhusu jina hilo na kumtahadharisha asilitamke. Halafu Hutter, kijana asiyejua lolote, anaingia katika nyumba ya wageni mlimani, anagonga meza na kuagiza chakula upesi kwa kuwa ana safari ya kwenda kwa Bwana Orlok. Wote waliomo wanaganda. Hatusikii jina likitamkwa, maana filamu haina sauti. Tunaona tu nyuso za watu waliolisikia, na nyuso zile zinatosha.

Nani kati yetu aliyelelewa kijijini au katika mitaa ya kale ya pwani asiyeijua hali hiyo? Bibi yangu hakuturuhusu kumtaja nyoka usiku. Tulisema "kamba". Nilipokuwa mdogo nilidhani bibi alihofia kwamba nyoka angesikia akaitika. Nilipokua nikasoma tafsida na miiko ya lugha, nikatambua kuwa bibi alihofia kile ambacho neno lingetufanyia sisi: lingejaza giza nyoka mia ambao hawakuwapo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, walinena wahenga. Na aliyetajiwa nyoka gizani, je?

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Filamu hii hututisha kwa kutuachia kazi. Murnau alipiga picha zake katika miji halisi ya Wismar na Lübeck, na katika kasri la kale la Orava nchini Slovakia. Mawe ni mawe ya kweli, bahari ni bahari, na jua ni la Mungu. Ndani ya ulimwengu huo tunaoujua akatia vitu vichache vilivyopinduka. Gari la farasi linalomchukua Hutter linakwenda mbio za kukatikakatika zisizo za farasi yeyote. Msituni, picha inageuzwa: miti inakuwa myeupe na mbingu nyeusi, kama ufanyavyo ukanda wa picha kabla ya kusafishwa. Melini, maiti inanyanyuka jenezani ikiwa imekauka wima kama ubao unaoinuliwa upande mmoja.

Na pale mwisho, Orlok anapopanda ngazi kwenda kwa Ellen, hatumwoni. Tunakiona kivuli chake ukutani, mgongo umepinda, vidole vimerefuka. Kisha tunakiona kivuli cha mkono kikipita juu ya nguo nyeupe ya mwanamke, kinafika kifuani, kinafumba ngumi, na mwanamke anajikunja kwa maumivu. Kivuli hakina uzito wala makali. Aliyeuhisi mkono ule ni mimi na wewe, maana sisi ndio tulioutia nyama na mifupa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe hutoka kifuani mwa mtazamaji.

Ndugu zangu walimu wa insha, hapa pana somo. Mwanafunzi wetu akitaka kuogofya huandika kwamba nywele zilimsimama, moyo ukamdunda kama ngoma, jasho jembamba likamtiririka na magoti yakagongana, yote katika sentensi moja. Akimaliza, msomaji hana la kufanya. Ni kama yale mabanda ya video ambamo mtangazaji husimulia kila kitu juu ya sauti za waigizaji mpaka mtazamaji akatolewa jukumu la kufikiri. Mwambie mwanafunzi wako aandike kuhusu mlango unaofunguka, akomee hapo. Atashangaa.

Nayo mvuto je? Kwa nini tusiondoke tu? Filamu yenyewe inalijibu swali hili kupitia kwa Hutter. Katika nyumba ya wageni anakuta kitabu kinachoeleza habari za wafu wanyonyao damu. Anakisoma, anacheka, anakitupa chini. Baadaye, akiwa katika kasri usiku, anakifungua tena. Hapendi kukisoma na hawezi kutokisoma. Binadamu asipojua umbo la jambo linalomtishia hapati utulivu mpaka alipe umbo. Zimwi lenye kucha na masikio yaliyochongoka, hata liwe baya namna gani, ni nafuu kuliko tishio lisilo na sura. Wajerumani wa mwaka 1922 walikuwa wametoka katika vita kuu vilivyowaua vijana wao kwa mamilioni, na katika homa ya mafua ya mwaka 1918 iliyopita nyumba hadi nyumba bila kuonekana. Sishangai kwamba walitaka kukiona kifo kikishuka melini kwa miguu yake, kimebeba jeneza lake kwapani.

Lakini utulivu huu una bei, na bei hiyo hulipwa na mtu mwingine. Hili ndilo nililoshindwa kumwambia mwanafunzi wangu siku ile.

Tauni inapoushika mji wa Wisborg, wananchi hawamjui Orlok. Hawajapata kumwona. Wanamjua Knock, yule dalali aliyerukwa na akili. Basi wanamfukuza mitaani. Anapanda juu ya paa, wanamrushia mawe. Anatoroka hadi mashambani, wanamfuata, wanaona kitu kimesimama kwa mbali, wanakivamia na kukiraruararua. Kumbe ni sanamu ya kuwatisha ndege. Kwa kweli Knock si mtu mwema, alikuwa mtumishi wa Orlok. Lakini umati ule haukuwa na ushahidi wowote. Ulikuwa na hofu tu, na hofu ilihitaji mwili.

Filamu inaliona kosa hili, na papo hapo yenyewe haikusalimika. Wahakiki wengi wamesema kwamba pua ya Orlok, panya wake na kuja kwake kutoka mashariki kununua nyumba za watu vinakaribiana mno na vikaragosi ambavyo wachukia Wayahudi wa Ulaya walikuwa wakivichora. Siamini kwamba Galeen, ambaye mwenyewe alikuwa wa asili ya Kiyahudi, alikusudia hivyo. Lakini picha haifuati nia ya aliyeichora. Mwaka 1940 utawala wa Wanazi ulitoa filamu ya propaganda ambamo makundi ya panya yaliwekwa bega kwa bega na Wayahudi. Wakati huo hapakuwa na haja ya kubuni mnyonya damu. Alitafutwa jirani.

Msidhani haya ni ya Wazungu pekee. Kiswahili nacho kina nosferatu wake, na jina lake ni mumiani. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson mwaka 1939 inaeleza kuwa mumiani ni dawa nyeusi mfano wa gundi, iliyosemekana kutoka Uajemi, na kwamba watu wengi waliamini ni damu ya binadamu iliyokaushwa. Uvumi ulipozuka kuwa mumiani inatafutwa, yaeleza kamusi, watu walijaa hofu na hawakutoka nje baada ya jua kutua. Neno ni la Kiajemi na lilihusu dutu ya lami. Hilohilo ndilo lililowapa Wazungu jina la maiti zilizokaushwa za Misri ya kale. Huku kwetu likahama kutoka kwenye dawa likamwangukia mtu. Wakati wa ukoloni, kuanzia pwani hadi Nairobi na Kampala, wazimamoto na wahudumu wa afya walishukiwa kwamba wananyonya damu. Mwanahistoria Luise White aliuandikia uvumi huo kitabu kizima kilichotoka mwaka 2000.

Mtaani kwetu Mombasa, mwaka 1989, mimi nikiwa na umri wa miaka tisa, mumiani alikuwa bawabu. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwembamba kupita kiasi, anaishi peke yake katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya kupangisha. Mchana alilala. Jua likitua alitoka, koti refu jeusi, rungu mkononi. Hakuwa msemaji. Siku moja mwenzetu alimwona akijifuta mdomo kwa hanchifu, na hanchifu ilikuwa na damu.

Ushahidi gani tena tuliouhitaji? Halali usiku, hapendi jua, ana damu mdomoni. Watu wazima waliposikia hawakutukanya. Mmoja alitikisa kichwa akasema lisemwalo lipo, ikiwa halipo li njiani laja. Nimefundisha methali kwa miaka mingi, na hiyo ndiyo pekee ninayoifundisha kwa uchungu. Tukaanza kumrushia mawe mlangoni pake, mchana, saa zake za kulala. Nami nilirusha. Jiwe moja langu lilipasua kidirisha. Hakutoka kutukemea. Tulisikia kikohozi tu.

Baada ya miezi kadhaa alichukuliwa na gari la hospitali, na hakurudi. Mama ndiye aliyenieleza, akiwa anapepeta mchele, bila kuinua uso: "Yule mzee alikuwa na kifua kikuu. Damu mliyoiona ilikuwa yake mwenyewe."

Miaka mingi baadaye, nikiwa masomoni, nilisoma habari za Mercy Brown, msichana wa kijiji cha Exeter huko Rhode Island, Marekani. Alifariki kwa kifua kikuu mwezi Januari mwaka 1892, baada ya mama yake na dada yake kufa kwa maradhi hayohayo. Majirani waliamini kwamba mmoja wa marehemu alikuwa akimnyonya kaka yake, Edwin, aliyekuwa mgonjwa. Machi mwaka huo wakaifukua maiti ya Mercy, wakauchoma moyo wake, na majivu akapewa Edwin anywe. Alikufa baada ya miezi miwili. Hayo yalitendeka miaka kumi kamili baada ya Robert Koch kutangaza mjini Berlin, mwaka 1882, kwamba amekigundua kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Elimu ilikuwapo. Tatizo ni kwamba kijidudu hakina uso, na watu walitaka uso.

Mwanafunzi wangu, jibu langu basi ni hili. Ulishindwa kumtazama yule mzee kwa kuwa nusu yake hukuonyeshwa, ukaitoa ndani yako. Ulishindwa kutomtazama kwa kuwa kila mtu hutaka kujua amekiumba nini. Hakuna ubaya katika hilo ukiwa umeketi ukumbini, mapazia yamefungwa, na Orlok ni kivuli cha mwigizaji Max Schreck, aliyefariki mwaka 1936. Ubaya huanza taa zinapowashwa ukatoka nje, ukamkuta bawabu njiani.

Kwa hivyo sikubaliani na wazazi na walimu wanaotaka hadithi za kuogofya ziondolewe shuleni. Mtoto aliyefundishwa jinsi kivuli kinavyotengenezwa ana nafasi bora ya kukitambua kivuli kikitengenezwa na wanasiasa, na majirani, au na ujumbe usio na mwenyewe unaosambazwa katika simu. Niliwapa wanafunzi wangu zoezi. Nenda nyumbani, mtafute mtu ambaye mtaani kwenu alipachikwa jina la kutisha: mchawi, mumiani, mla watu. Uliza jina alilopewa na wazazi wake, kisha andika kurasa mbili kumhusu kwa jina hilo.

Mmoja wao aliniuliza kama mimi nimelifanya zoezi hilo. Nikampigia mama simu jioni hiyohiyo. Alimkumbuka yule mzee vizuri, koti lake, rungu lake, hata siku gari lilipokuja. Akanyamaza akijaribu kukumbuka, nami nikangoja.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "sisi sote tulimwita vile mlivyomwita nyinyi."